Mama Mkwe Chini ya Ngazi za Ndege

Watu wakisikia nilifanya kazi uwanja wa ndege, wananiuliza nimefika nchi gani. Nchi gani, jamani! Mie nimefika mlangoni mwa ndege tu, tena na mtu mikononi. Kazi yangu ilikuwa kuwapandisha wasiojiweza: wazee, waliovunjika, waliopooza. Kiti cha magurudumu kiliishia chini ya ngazi. Kutoka pale abiria alipanda kwa migongo yetu. Nikirudi Temeke jioni sikuwa na hamu hata ya ugali.

Mama mkwe alikuja kwetu kutibiwa, akapooza upande hapo hapo. Kwetu bara mama mkwe haguswi wala hatazamwi usoni. Basi nyumba yangu mwenyewe nikawa naingilia uani, nakohoa kwanza, naye akisikia kikohozi anajifunika kanga. Tuliishi hivyo miezi, tukisalimiana kupitia ukutani. Inachosha, nisiseme uongo.

Hospitali waliponyoosha mikono, akabaki na ombi moja tu: afie kwao, azikwe karibu na mumewe. Garimoshi asingeliweza. Wanawe wa huko kwao wakachanga, tiketi moja ya ndege ya Mwanza ikapatikana, nao wampokee kule. Nami nikapanga na mwenzangu wa zamu ambebe yeye, mie nisimame mbali.

Siku yenyewe mwenzangu akaitwa mazoezi ya mgambo. Looo! Nikawasihi wapakia mizigo, wakakataa. Mtu akiwaponyoka watajibu nini? Mke wangu kabaki ukumbini na wasindikizaji wengine, haoni kitu. Mie niko chini ya ngazi, jua la mchana linachoma lami, macho nimeyaelekeza kwenye magurudumu ya ndege. Mama mkwe yuko kitini, kajigeuzia upande wa pili.

"Ndugu, pandisha mgonjwa, tunafunga mlango!" mhudumu akapaza sauti kutoka juu.

"Siwezi," nikamjibu. "Ni mkwe wangu."

"Basi atabaki."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akibaki, atazikwa huku kwenye mchanga wa watu, na mumewe yuko peke yake kule. Nilichoka mwili, nikachoka na roho. Ndipo nikasikia sauti yake ndani ya kanga, pole pole, maana ulimi nao ulikuwa mzito.

"Mkwe wangu yuko nyumbani, Temeke. Wewe ni mtu wa uwanjani. Nibebe, baba, jua kali."

Nikambeba. Maskini, mwepesi, mifupa mitupu. Nilipanda nikitazama vidato tu, nikamkalisha, nikamfunga mkanda, nikageuka niondoke.

"Mtu wa uwanjani," akaniita, bado kajifunika. "Ukipita Temeke ukamwona mkwe wangu, mwambie kanitunza kuliko niliowazaa. Mie nimeshindwa kumwambia. Ndiyo mila."

"Nitamfikishia, mama," nikasema, na machozi yananishuka bila aibu.

Nilishuka. Chini, kiti kingine kilikwisha kuletwa, na mzee mnene juu yake ananisubiri.

Jioni mke wangu aliniuliza nani aliyempandisha mama.

"Mtu wa uwanjani," nikamwambia, nikaenda kulala bila kula.