Bukari ya Roma

Rafiki yangu aliishi Zambia miaka kadhaa, akarudi kwetu Kamina, Kongo, na Kiingereza chake, na tangu hapo mtaani kwetu hakuna aliyeangalia filamu bila yeye. Jumapili baada ya misa tulijaa sebuleni kwake, naye akasimama kando ya televisheni kututafsiria. Mwaka jana ilikuwa tamthilia ya Roma ya kale, ya watumwa wanaopiganishwa uwanjani mpaka kufa. Watunzi waliipindua historia makusudi: mtumwa mmoja anamuua Kaisari mbele ya watu na kukalia kiti chake. Hayakutokea kamwe, lakini tuliyaamini kuliko habari za redio.

Nilikuwa nakwenda na mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole. Nilimpenda. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakubaliana.

Siku moja tuligombana, na hasira zangu nikazipeleka kwa rafiki yangu, tukiwa tunafua. "Ule bwana akikula anapiga midomo mupaka bajirani banasikia," nilimwambia. "Namuvumilia tu juu miaka inanipita." Tukacheka. Kisha nikamwomba maneno yale yaishie pale pale kwenye beseni, naye akaapa.

Jumapili iliyofuata, mke wa yule Kaisari mpya alikuwa anamsengenya mumewe kwa kijakazi. Rafiki yangu akasafisha koo.

"Anasema, ule bwana akikula bukari, anapiga midomo mupaka bajirani banasikia! Namuvumilia tu juu miaka inanipita!"

Watu walivunjika mbavu. Mchumba wangu naye alicheka, nami nikajilazimisha. Halafu kicheko kikamkatika. Tabia hiyo ya kupiga midomo akila bukari, ugali wetu, ndiyo mama yake aliyomgombezea tangu utotoni. Akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini:

"Baroma bakulaka bukari?"

Ningeweza kusema sijui. Nilitazama chini, akawa amepata jibu lake.

Kesho yake nilimfuata rafiki yangu. "Miye nilikufanyia nini?"

"Ah, yaya," akaniita kama dada yake, "ilikuwa jeu, muchezo tu. Na jina yako sikuitaja." Aliendelea kuchekecha unga.

Kama angekuwa anamtaka mwanamume yule, ningeelewa, wivu naujua. Lakini aliniuza kwa kicheko cha watu ambao jioni hiyo hiyo walikuwa wameshasahau walichokicheka. Hilo sijamsamehe, na sijisikii vibaya kulisema.

Mchumba wangu alikuja kwetu mara moja tena. Mama alimpikia bukari na samaki wa Kinkondja. Alikula polepole, amefumba midomo, bila sauti hata kidogo, huku jasho likimtoka kwenye paji la uso. Mama akamsifu kwa adabu yake. Alinawa mikono, akashukuru, akaaga kila mtu. Barua ya wazazi wake ya kuvunja uchumba ilifika kabla ya wiki kuisha.