Nilivyokwenda Likunja Kumrushia Mjomba Mpira

Safari hii niliifunga kwa sababu ya swali moja la mama. Nilimpigia simu kutoka Dar es Salaam furaha ikinijaa hadi kooni: timu moja ya wanawake ya Harare, kule Zimbabwe, imeniita nikacheze kriketi msimu mzima kwa mshahara, na wanataka jibu Jumatatu. Mama akauliza, "Kaka yangu anasemaje?" Nikamwambia hajui lolote. "Basi na mimi sijasikia," akajibu. Akaniagiza niwasalimie majirani, akakata simu.

Kwa wasiotujua, sisi Wamwera wa Nachingwea tunafuata upande wa mama. Mama kanizaa, baba kanilea, lakini neno la kumtoa mtoto wa kike nje ya nchi analo mjomba. Wangu anaitwa Bakari. Analima ufuta na korosho Likunja, wilaya ya Ruangwa, na mambo ya heshima hana mchezo nayo. Ukimwamkia umesimama, hakusikii.

Kriketi yenyewe niliikuta shule ya sekondari, nilipokwenda kukaa kwa mama mdogo Dar. Mwalimu wa michezo alivitazama vidole vyangu virefu, akanifundisha kurusha mpira wa taratibu ambao ukitua chini unakata kona. Mwenzako amesimama na ubao mkononi, nyuma yake kuna vijiti vitatu. Wewe unataka kuviangusha, yeye anataka kuupiga mpira uende mbali. Tangu mwaka jana hiyo ndiyo kazi yangu. Mwisho wa wiki nacheza mechi za klabu, siku nyingine nafundisha watoto. Nyumbani walijua tu kwamba mimi, Somoe wao, niko kwenye michezo.

Alhamisi alfajiri nilikuwa stendi na mfuko wangu mrefu wenye ubao ndani. Kondakta aliupapasa mara mbili.

"Dada, humu kuna nini?"

"Vifaa vya kazi. Nacheza kriketi."

"Aa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeelewa kabisa, akaulaza juu ya magodoro ya watu. Tulipovuka daraja la Rufiji nikamsikia akimweleza dereva kuwa nyuma amekaa fundi wa visima. Sikumsahihisha, maana fundi wa visima alipewa kiti cha dirishani.

Jioni tuliingia Nachingwea mjini, nikachukua bodaboda mpaka Ruponda kwa mama. Nilikuta ugali wa muhogo na mbaazi za nazi, nikala mpaka nikalegeza mkanda. Mama hakuligusa suala la Harare hata kidogo. Alipokuwa ananitandikia kitanda ndipo akanipa masharti yake.

"Ukifika kwa kaka, piga goti. Usijibu harakaharaka. Na lolote atakalolianzisha, usimshinde mbele za watu."

Ijumaa asubuhi nilirudi mjini na kupanda gari la Ruangwa. Kote njiani ufuta ulikuwa umekwishavunwa. Mabua yalisimama yamefungwa mafungu mafungu, na magunia yalikaa barazani kusubiri mnada. Ruangwa mjini nilipata bodaboda nyingine ya kunifikisha Likunja. Kijana wa bodaboda alikuwa na uhakika kwamba nimebeba gita, akanisihi njia nzima nimpigie hata wimbo mmoja.

Nilifika watu wakitoka msikitini. Nikapiga goti na mfuko mgongoni, na ule ubao ukanichapa kisogoni mbele ya wazee wote. Mjomba aliitikia shikamoo yangu bila kucheka, lakini mkewe, Mama Asha, aligeukia ukutani mabega yakimtikisika.

Baada ya kula mjomba akataka kujua kilichonileta. Nikaeleza yote, polepole, macho chini.

"Kazi yenyewe ni nini hasa?"

"Kurusha mpira, Mjomba."

"Unanrushia nani?"

"Mtu mwenye ubao."

"Huyo ntu mmegombana?"

"Hapana, Mjomba. Ndiyo mchezo."

Akauomba ule ubao, akaugeuzageuza. "Huu nwiko," akasema. "Nwiko wa kusongea ugali wa msiba." Tangu hapo Likunja nzima ikauita mwiko, na mimi naona jina limeupendeza. Kisha akatoa uamuzi wake: kesho nitamrushia yeye, aione hiyo kazi kwa macho yake.

Jumamosi, jua lilipopungua ukali, tukaenda kwenye uwanja wake wa kukung'utia ufuta. Ardhi pale imekanyagwa misimu mingi, imekuwa ngumu na sawa kama sakafu, na kusema kweli nimecheza Dar kwenye viwanja vibaya kuliko ule. Vijiti havikuingia ardhini, kwa hiyo Mama Asha akaleta debe tupu la mafuta tukalisimamisha mahali pake. Niliuacha mfukoni mpira wa ngozi, ule mgumu, nikatoa mwepesi wa mazoezi. Majirani walikuwa wamekwishajaa, na mjomba alisimama mbele ya debe, kanzu ameikunja kiunoni na kofia ameinyoosha.

Nikamtazama, nikakumbuka maneno ya mama. Basi nikamrushia mpira wa kumbembeleza, ulionyooka, wa kumfuata mwenyewe pale anapoutaka. Akaupiga ukaenda mikoroshoni. Watu wakashangilia. Wa pili nao mikoroshoni, wa tatu ukapita juu ya paa la jiko. Kila alipopiga nilifurahi, nikijua mjomba anafurahi, na mjomba akifurahi Harare inasogea.

Akauweka mwiko chini, akanywa maji, akaniita.

"Mpwa wangu, mimi nyonga mbovu, macho mabovu, na nimekupiga ninavyotaka. Huko kwa wageni watakufanya nini? Siwezi kumpeleka ntoto wa dada yangu ugenini akaaibike. Kaa nyumbani."

Miaka yote ya kuchubuka vidole, yote, ilikuwa imeishia kwenye paa la jiko la Mama Asha. Machozi yalinikaribia kabisa. Mama Asha ndiye aliyenisogelea na kikombe cha maji, akaninong'oneza bila kunitazama, "Ulikuwa unampikia uji kama mgonjwa. Mwambie mwenyewe."

Nikapiga goti pale pale uwanjani. "Mjomba, nilikuwa nakuheshimu."

"Mchezo wenu una ruhusa hiyo?"

"Hauna, Mjomba."

"Basi hukuwa unafanya kazi. Ulikuwa unaniamkia." Akausimamia mwiko kama fimbo, akainuka. "Salamu nimeitikia jana. Leo nataka kazi."

Safari hii nilirudi nyuma hatua zangu zote za kukimbilia. Nikauachia mpira juu, wa polepole, wa kutamanisha. Mjomba akanyoosha mguu na mwiko kuufuata. Mpira ukatua mbele yake, ukakata kona kwenye ile ardhi ngumu, ukapita kando ya mwiko, na debe likalia mpaka kuku wakakimbia.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikawaza: basi, nimemshinda mbele za watu, mama ataniua.

Mjomba aligeuka akalitazama debe, kisha akaitazama ardhi, kana kwamba kuna mtu kaichimba. "Rudia," akasema. Nikarudia, debe likalia. "Tena." Mara ya tatu alijikinga kwa mguu, mwiko na kanzu yote kwa pamoja, mpira ukampita upande mwingine aliouacha wazi, debe likalia, na kofia ikamdondoka. Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya debe lenyewe, na watu wote waliokuwa wamejizuia wakapasuka. Tulicheza mpaka mpira haukuonekana, kila mzee akitaka zamu yake na kila mmoja akidai kwamba kwake debe halitalia. Lakini kuhusu Harare mjomba hakusema neno, na nililala sijui jibu langu.

Jumapili asubuhi aliubeba mfuko wangu yeye mwenyewe mpaka barabarani, akakataa hata nishike mkanda. Bodaboda iliyokuja ilikuwa ya yule yule kijana wa juzi. "Mzee, kumbe gita ni lako?" akauliza.

"Hivi ni vifaa vya kazi vya mpwa wangu," mjomba akamjibu. "Anakwenda navyo Harare. Vifunge vizuri."

Nikaelewa. Nilipiga goti kwenye vumbi nikalia waziwazi, na kijana wa bodaboda akaniomba radhi kwa kosa asilolijua. Mjomba akaniinua kwa mkono. "Ukifika huko waamkie wote, wakubwa kwa wadogo," akasema. "Ukimaliza, angusha debe."

Nilipitia Ruponda kumuaga mama, nikampa habari yote, pamoja na kofia iliyodondoka. Aliniambia hakunituma kufanya hayo, halafu akanisimulisha upya sehemu ya kofia. Ndani ya basi la usiku la Dar nilikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Nilikuwa nimekwenda nikidhani heshima ni kumwachia mkubwa ashinde, kumbe mjomba alitaka aonyeshwe kitu chenyewe nilicho nacho, chote, bila kupunguzwa. Nadhani nitalikumbuka hilo kila nitakapoogopa jina kubwa la mtu aliyeshika ubao.

Jumatatu niliwajibu Harare kwamba nakuja. Jioni mama akapiga simu.

"Kaka anauliza ule mwiko wako unachongwa kwa mti gani."

"Mti mwepesi, mama, usiopasuka haraka. Mwambie autafute kwanza, kuchonga baadaye."

"Amekwishachonga," mama akasema. "Anataka kujua kama amekosea."