Bendera ya Ubao, au Nilivyosuluhisha Vita vya Ngoma Kariakoo

Ndugu zangu wa Morogoro, kila siku mnaniuliza habari za Dar es Salaam mkiwa mmeshika vikombe vyangu, na chai inapoa. Leo naandika yote mara moja. Asiyejua kusoma asomewe. Mimi mwenyewe sikukaa chuoni hata siku moja, herufi nilizichukua kwenye masanduku ya chai, na leo mkahawa ni wangu, bati ni langu, na jina langu limeandikwa mlangoni kwa mkono wangu.

Sababu ya kuondoka ilikuwa ujumbe. Dada yangu Mwanaidi, aliyeolewa Kariakoo na mwalimu wa chuo cha Kurani aitwaye Mwalimu Sefu, alimtuma abiria wa gari moshi aniambie hivi: "Mwambie kaka vita vimeingia chuoni. Watoto hawaji tena. Idi ikipita, Mwalimu anafunga chuo na tunahamia Rufiji kulima."

Vita vyenyewe vilikuwa vya ngoma za beni. Mnazijua: wanaume wazima wanavaa kofia za kijeshi, wanajipa ujenerali na ukingi, wanapiga matarumbeta, halafu wakikutana njiani wanapigana mawe. Chama cha Kofia Nyekundu kilikuwa upande mmoja wa chuo, Chama cha Kamba Nyeupe upande wa pili. Dada yangu hakuwa na mtu mwingine wa kumwita, na hata angekuwa naye angeniita mimi. Nani hapa Morogoro hajui kwamba wachinjaji wa sokoni walipatanishwa kwenye meza yangu?

Asubuhi ya kuondoka nilivaa koti langu jeusi. Ndani ya gari moshi niliwaeleza abiria jambo nililokwenda kulifanya, tangu Ngerengere mpaka Ruvu, na wengi walifurahi sana, isipokuwa bwana mmoja aliyehamia behewa lingine. Nadhani alikuwa anaumwa.

Nilipofika stesheni ya Dar es Salaam, nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, maana mtu mkubwa huanzia kwa wakubwa. Karani aliniuliza, "Umeleta shauri gani?"

"Vita," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. Nilipomweleza kuwa ni vita vya ngoma na chuo cha watoto, akaichukua tena. "Mzee, hapa tunapokea vita vya watu. Vya ngoma nendeni mkazungumze wenyewe." Nikamshukuru, kwa sababu alikuwa amenipa ruhusa bila kujua.

Kariakoo nilifika jua likiwa kali. Tangu enzi za vita vya Wajerumani na Waingereza, tulipolala pale wapagazi tukisubiri mizigo, mji ule umejaa nyumba, maduka na kelele. Dada yangu alinipokea mlangoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vita viko wapi?"

"Umevikanyaga. Sogeza mguu."

Nilikuwa nimesimama juu ya kipande cha ubao wa kuandikia, kimepasuka katikati, bado kina wino wa masizi wa mtoto aliyekuwa ameanza Alhamdu. Mwalimu Sefu akatoka, mtu mwembamba, mpole, anayezungumza kama anayemlaza mtoto. Akanieleza. Siku za mapambano, Kofia Nyekundu huingia chuoni na kuchukua mbao za watoto wakazifanya ngao za kukinga mawe. Kamba Nyeupe nao wamefanya baraza la chuo mahali pa kuwalaza majeruhi wao. Kila upande unasema mwenzake ndiye aliyeanza. Wazazi wameogopa, na waliobaki chuoni ni watoto watatu wa mjane mmoja ambaye hana mahali pengine pa kuwaweka.

"Nimewaomba, shemeji," akasema. "Wananiamkia vizuri sana. Halafu wanachukua mbao."

Nikamwambia atulie. Wakati wa vita vile vikubwa nilibeba machela, na niliona kwa macho yangu nyumba ya wagonjwa yenye bendera ya msalaba mwekundu, na askari wa pande zote wakiipita bila kuigusa. Dawa ilikuwa bendera. Mwalimu akashtuka. "Msalaba juu ya chuo cha Kurani, shemeji?" Nikamwambia mimi si mjinga. Tutachora ubao.

Alasiri ile ile nilikwenda duka la Salim, Mwarabu mwenye kuuza nguo na kushona, mtu wa hapo hapo tangu babu yake. Nikaagiza kitambaa cheupe, kikubwa, chenye picha ya ubao wa kijani katikati.

"Bendera ya ngoma gani?" akaniuliza huku anapima.

"Si ngoma. Ni bendera ya kuzuia vita."

"Aa," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyeambiwa siri. "Na sare zenu mtashona kwangu?"

Nikadhani anatania. Ndugu zangu, laiti ningesikiliza vizuri. Lakini nilikuwa nikifikiria mlingoti.

Kesho yake bendera ilipanda juu ya paa la chuo. Upepo ulipoichukua, mtaa mzima ulitoka nje kuiangalia, na mimi nilisimama chini yake nikiwaamkia watu. Kabla ya adhuhuri alikuja mwanamke mmoja muuza maandazi akaniuliza sare za akina mama wa Ngoma ya Ubao zitakuwa rangi gani. Baada yake akaja kijana mpiga tarumbeta, ametoroka Kamba Nyeupe, anataka cheo. Nikamfukuza. Akarudi na wenzake wawili, mmoja ana ngoma kubwa mgongoni.

"Kaka," Mwanaidi akaniambia kwa sauti ya kunitakia mabaya, "umekuja kuondoa majeshi mawili, umeongeza la tatu."

Na kweli. Mji ule haujui bendera nyingine ila ya ngoma. Mchana habari ilienea mpaka Mnazi Mmoja kwamba mtu tajiri kutoka bara ameanzisha beni mpya, na makao makuu yake ni chuo cha Mwalimu Sefu. Sikupenda lile neno jeshi la tatu, ila la utajiri sikulikanusha.

Alasiri wakaja wakubwa wenyewe. Jenerali Kondo wa Kofia Nyekundu, mnene, nishani za bati kifuani. Na Kingi Shomari wa Kamba Nyeupe, mrefu kama mnazi na mwenye kikohozi. Watu wawili hao walikuwa hawajaamkiana tangu Idi iliyopita, lakini siku ile walikuja bega kwa bega, wamekasirika pamoja. Wote walivaa buti za maofisa, nyeusi, zimepigwa rangi mpaka unajiona sura. Beni bila buti si beni. Mwalimu Sefu akawakaribisha mkekani, nao, kwa adabu ya pwani ambayo hata vita havikuiondoa, wakazivua mlangoni.

"Nani mwenye ngoma hii?" Kondo akauliza.

"Hakuna ngoma," nikasema. "Kuna watoto."

"Na bendera?"

"Ya watoto."

Shomari akakohoa. "Wewe mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi, wa Tabora, nakaa Morogoro."

Hapo Kondo, ambaye ni Mzaramo halisi, akasahau hasira akacheka mpaka nishani zikalia. "Kumbe mtani! Nilisema mimi, kichwa kile kimebonyea katikati, kile ni kichwa cha mizigo."

"Na wewe tumbo hilo ni la kulala kivulini ukingoja nazi idondoke," nikamjibu.

"Haidondoki siku hizi. Wanyamwezi wamezibeba zote."

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Shomari naye Mzaramo. Mtani akikunyang'anya kitu huwezi kumpiga, huwezi kumshtaki, huwezi hata kununa. Unakikomboa. Nikainuka, nikaenda mlangoni kama mtu anayetaka kutema mate, nikafunga jozi zote mbili za buti kwenye shuka langu, nikazitia kichwani, nikaondoka.

Nilipita mtaani kwa mwendo wa kipagazi, ule ambao miguu haisahau, mpaka katikati ya soko la Kariakoo. Nyuma yangu wanakuja Jenerali na Kingi, miguu mitupu juu ya mchanga wa moto, wanarukaruka kutoka kivuli hadi kivuli. Wauza samaki walisimama. Muuza ndizi mmoja akauliza, "Jenerali, leo gwaride la wapi?" Kondo akasema, "Mtani amenishika," na watu wote wakaelewa.

"Sema unachotaka," Shomari akaniambia, anasimama kwa mguu mmoja.

"Mbao zote zirudi. Baraza la chuo lisiwe la mtu. Na ngoma inyamaze mnapopita pale watoto wakisoma."

"Yeye alichukua mbao," akasema Shomari.

"Yeye alichukua baraza," akasema Kondo.

"Na mimi nimechukua buti," nikasema.

Mwalimu Sefu alikuwa amefika, anahema. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti. "Na bendera ishuke. Chuo changu hakina upande, na sitaki kifanane na upande."

Ilinichoma kidogo, maana kitambaa kilikuwa kizuri. Lakini alisema kweli, na niliishusha mwenyewe. Jenerali na Kingi nao wakakubali masharti yote pale pale sokoni, nikawarudishia buti zao.

Siku ya Idi nilikuwa bado pale. Mbao zilikuwa zimerudi, nyingine zina alama za mawe, na Mwalimu alikuwa ameomba watoto waje asubuhi wasome kidogo kabla ya sherehe, ili aone kama wazazi wamemwamini. Walijaa mpaka kwenye baraza. Beni mbili zikaja, kila moja kwa njia yake, kelele za kupasua masikio. Zilipofika pembe ya chuo zikanyamaza. Matarumbeta yakashuka. Wanaume wale wote wakapita kwa ncha za vidole, buti mkononi, Jenerali Kondo mbele kidole mdomoni. Kimya kile kikawashtua watoto, wakaacha kusoma na kukimbilia mlangoni kutazama kuna msiba gani. Mwalimu Sefu akawarudisha, wakapaza sauti kuliko matarumbeta yote. Mwanaidi akaenda ndani kufungua mizigo aliyokuwa amekwisha kuifunga kwa ajili ya Rufiji.

Nimerudi Morogoro na hili ndilo nililojifunza. Anayetaka kulinda chuo vitani asije na bendera yake. Apeleke mtu ambaye wapiganaji hawawezi kumkasirikia. Nasikia huko Ulaya wakubwa wa mataifa wamejengewa jumba zima la kuzungumzia vita, wanakaa humo mwaka hadi mwaka na hawaafikiani. Mimi siwashangai. Wameitana wote pale, na katika wote hakuna mtani wa mtu.