Siku Nilipokunja Mikono

Uwanja wa Changamwe ulijaa siku ile mpaka watoto wakapanda juu ya mapipa. Bendera mpya ilikuwa imebakiza wiki chache ipandishwe, na kila aliyesimama jukwaani alikuwa na jambo alilotufanyia. Zamu ya katibu wa chama cha wafanyakazi ilipofika, alisema ndiye aliyewapa wanawake wa ghala la kahawa majina yao. Tukapiga vigelegele. Vyangu vilinikatikia katikati, kwa sababu pembeni yangu alikaa mama wa Likoni akitafuna karanga, na nilikuwa nimemkosea jambo ambalo sikuwahi kumwambia.

Ghalani tulichambua kahawa, mbovu huku, nzima huku, tangu asubuhi mpaka alasiri. Kila mmoja alivaa shingoni kibati chenye nambari. Asubuhi tulijipanga mlangoni, karani akaita nambari, nasi tukaitika. Ukiitwa mara tatu bila kuitika, ulirudi kwenu na kazi huna. Mimi nilikuwa arubaini na mbili. Arubaini na tatu alikuwa huyo mama wa Likoni, mtu mzima aliyevuka feri kabla jua halijatoka, mwenye wajukuu wanne wanaomtegemea, na mwenye masikio mazito. Karani alipoita, yeye alitazama mbele tu. Basi kila asubuhi nilimgusa mbavuni kwa kiwiko, naye huitika, "Abee." Kazi hiyo nilijipa mwenyewe, na niliifanya kwa moyo.

Kisha akanitia hasira. Nilikuwa bibi arusi wa juzi, nimepeleka kazini mahamri yangu ya kwanza ili nisifiwe. Akatafuna, akatafuna, akasema mbele ya wote, "Mwanangu, haya magumu yaweke mlangoni, upepo usiubamize mlango." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi si mtu wa kusahau upesi. Nilinuna pale, nikanuna njiani, nikamnunia hata mume wangu asiye na kosa.

Kesho yake tukajipanga kama kawaida. Nikaitwa, nikaitika. "Arubaini na tatu." Nikakunja mikono kifuani. "Arubaini na tatu." Nikatazama paa. Mara ya tatu karani alifoka, kisha akamwonyesha barabara. Mama akaliweka sawa buibui lake, akaenda zake. Hasira yangu iliisha palepale, lakini alikuwa ameshatoka langoni.

"Arubaini na nne." Kimya. Nikageuka. Arubaini na nne alikuwa amenikazia macho, midomo ameifunga. Arubaini na tano vilevile. Baadaye waliniambia walivyofikiri: huyu humgusa mwenzake kila siku, leo kakunja mikono, basi kuna shauri limepitishwa nasi hatukuambiwa, na nani anataka kuitwa msaliti? Karani aliita mpaka nambari ya mwisho, asipate jibu. Nami niliyekuwa nimeshaitika nikavua kibati changu kwa aibu tu, nao wakavua vyao. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini chetu kilikuwa kimya cha watu wasiojua wanachokinyamazia.

Adhuhuri akaja msimamizi, mzungu, kuuliza tunataka nini. Hatukuwa tumepanga kutaka kitu. Tukatazamana. Mwishowe mmoja wa nyuma akasema, "Tuna majina." Liliposemwa, kila mmoja wetu aliona kwamba ndilo alilolitaka siku zote.

Hapo ndipo katibu alipoingia, na simnyimi haki yake. Alikwenda ofisini akafukuzwa, akarudi. Aliandika barua, akaandika majina yetu yote kwa mkono wake. Sisi tulirudishwa kazini siku ya tatu, bila vibati, mazungumzo yakiendelea. Mama wa Likoni hakurudishwa, kwa kuwa yeye alifukuzwa kabla ya wote. Wiki zikapita. Sikwenda kumjulia hali, kwa sababu niliogopa kuwatazama wale wajukuu machoni. Katibu alipambana mpaka wakubwa wakakubali tuitwe kwa majina, na mama naye akaruhusiwa kurudi.

Asubuhi ya kwanza ya majina, karani alisoma jina tupu, kwa sauti ya mnadani, jina la mke wa mtu. Kwetu mwanamume wa kando hamwiti mwanamke hivyo. Hakuna aliyeitika, na safari hii tulijua tunachonyamazia. Akakuna kichwa, akatazama daftari, akashusha sauti. "Bi," akasema, kisha akalitaja tena jina lilelile. Lilikuwa la mama wa Likoni, aliyesimama mwisho kabisa wa mstari. Akaitika papo hapo, sauti imejaa, "Abee." Machozi yalinitoka, na sikujiuliza amesikiaje kutoka kule.

Basi pale uwanjani, baada ya miaka yote hiyo, nikamwinamia sikioni nikapaza sauti. "Shikamoo mama. Nataka kukuomba radhi."

"Marahaba. Usinipigie kelele mwanangu, mimi si kiziwi."

Nikarudi nyuma kidogo, nikashusha sauti. Kisha nikamwambia yote, kwamba siku ile niliacha kumgusa kwa makusudi, kwa sababu ya mahamri. Akaacha kutafuna.

"Wallahi, nambari ile niliisikia kila siku," akasema. "Kila siku hutoka nyumbani nimeapa leo siitiki. Nikifika pale nawakumbuka wajukuu, naogopa. Kisha kiwiko chako hicho, nami nashukuru, naitika. Siku uliyokunja mikono nikasema, hata huyu mtoto leo amechoka. Ndipo nikapata nguvu." Akanitazama. "Kumbe mahamri?"

Akacheka mpaka karanga zikamwagika mapajani. Nami nikacheka, na kifua changu kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Jukwaani walikuwa wakimvisha katibu shada la maua. Nikamwuliza mama, basi ni nani hasa aliyetupa majina.

"Langu nilipewa na babangu," akasema, akiokota karanga. "Alinichinjia mbuzi wa akika. Hawa wamelirudisha tu, na Mungu awalipe."

Katibu alipunga mkono. Nikampigia vigelegele tena, na safari hii vilifika mwisho.