Toba ya Tezi Dume

Huku kwetu milimani, juu ya Myamba, tezi dume ni ugonjwa wa babu. Redio ikiitaja, vijana hucheka na wazee hujifanya hawasikii. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na moja, naimba besi kwaya, nabeba gunia la tangawizi bila kuomba msaada. Mambo ya tezi yalinihusu nini?

Yalianza msimu wa kuchimba tangawizi. Maumivu yalikaa mahali pabaya kusimulia, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, pale pale mtu anapokalia. Nikalaumu bodaboda, maana barabara ya kushuka Same tunaijua wenyewe. Kisha mkojo ukaanza kuchoma. Nasimama chooni, unatoka kidogo, unakatika, nikirudi ndani nabanwa tena. Kiuno nacho kinauma. Na tendo la ndoa, nisemeje, mwisho wake ulikuwa kama kukatwa na wembe. Nikaanza kumkwepa mke wangu. Nalala nimegeukia ukuta, nasingizia uchovu wa shamba, na yeye hakuuliza kitu. Afadhali angefoka.

Nikajikaza kisabuni. Nikanywa tangawizi, kwa sababu huku kwetu tangawizi ni dawa ya mafua, ya tumbo, ya baridi na ya uanaume. Niliichemsha ikawa kali hadi midomo inawasha. Haikusaidia chochote, nikaenda zahanati.

Mhudumu aliyenipokea alikuwa mama mpole. Vifaa vya kupimia mkojo vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo alipima kwa maswali.

"Baba, umetoka nje ya ndoa?"

"Hapana."

"Wote mnaanza na hapana."

Akanichoma sindano ya kisonono, akanipa vidonge, na akaniambia nirudi na mke wangu naye atibiwe, la sivyo tutaambukizana upya. Simlaumu sana. Alifuata utaratibu, na utaratibu ule ni mzuri kwa mtu mwenye kisonono.

Mke wangu nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nilipomwambia, alifunika sufuria, akajifunga kitenge na kutangulia njiani. Pale zahanati watu waliokaa kwenye benchi walituona tukiingia wawili chumba kile, na hakuna asiyejua maana yake. Alitoka akichechemea kwa sindano. Tulipofika kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba akasimama.

"Nani?"

"Hakuna mtu. Naapa."

Akajifunga kitenge upya. "Basi unasema ni mimi."

Hapo nikanaswa. Kila nilipojitetea nilikuwa namsukumia yeye. Na kijiji nacho kilikuwa na hesabu zake: mimi ni besi wa kwaya, yeye anauza tangawizi gulioni na kucheka na madalali wa mjini. Wiki haikuisha, wazee wawili wa kanisa wakaja nyumbani. Walikunywa chai yetu, wakafuta midomo, na mmoja akasema ugonjwa huu hauji na upepo, mmoja wenu ameuleta. Wote wawili wakamtazama mke wangu. Yeye akatazama sakafu. Binti yetu mkubwa alikuwa anakaribia kipaimara, na mzazi aliyetengwa na kanisa hasimami na mtoto wake madhabahuni.

Nikasema, "Ni mimi."

Wakataka kujua ni nani, maana toba isiyo na maelezo wanaiona ya kijanja. Nikatunga mwanamke. Nikampa kibanda cha chakula karibu na stendi ya Same, nikampa kanga ya kijani, nikampa na pengo kwenye meno ya mbele. Sijui hilo pengo lilinijia kutoka wapi. Jumapili nikasimama mbele ya usharika nikakiri kwamba nimeanguka. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani, nikarudishwa kundini, na siku ya kipaimara tulisimama wote wawili na binti yetu. Nilimwona mke wangu akiinua uso mbele ya watu, nikajiambia imetosha.

Kisha alinisamehe, na hilo ndilo linaloniumiza kulisimulia. Alilia kwa siku kadhaa, akaacha. Akahama kutoka chumba cha watoto, alikokuwa akilala tangu siku ya sindano, akarudi kitandani kwetu. Katika sala ya jioni, mbele ya watoto, alianza kuniombea, na baada yangu akamwombea yule dada wa Same. Nilifumba macho nikaona aibu hadi masikio yakapata moto.

Dawa za zahanati zilinipa nafuu kidogo, nikadhani nimepona. Halafu siku moja shambani nikashikwa na baridi katikati ya jua. Nilitetemeka hadi jembe likaniponyoka. Jioni mwili ulikuwa unaungua, na mkojo ukaziba kabisa. Tumbo la chini lilijaa likawa gumu kama ngoma, tone halitoki. Nilikuwa na hakika nakufa, tena nakufa nikiwa na kisonono cha bure. Majirani walinilaza juu ya magunia ya tangawizi kwenye pikapu, mke wangu akanishika kichwa, na kila shimo la barabara hadi Same nililipigia kelele.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akaniamkia shikamoo, nikashindwa hata kuitika. Kwanza aliniingizia mpira kwenye njia ya mkojo, mkojo ukatoka, nikalia kwa raha bila kujali nani ananiona. Kisha akavaa glovu, akaniomba nilale ubavu na kukunja magoti, akanipima kwa kidole kwa njia ya nyuma. Aligusa taratibu sana, lakini nilimwita mama yangu aliyefariki zamani. Mkojo ukapelekwa maabara.

"Ni tezi dume, baba," alisema majibu yalipotoka. "Ina maambukizi, imevimba."

"Mimi si mzee."

"Kutanuka kwa tezi na saratani ndiyo huwapata zaidi wazee. Uvimbe wa maambukizi kama huu unampata hata kijana. Wadudu tuliowaona kwenye mkojo wako ni wale wa kawaida wa tumboni, kila mtu anao, wamepanda tu kwa njia ya mkojo. Kule zahanati walikupima mkojo?"

"Hapana. Nilitubu tu."

Hakucheka. Alisema homa ile pamoja na kuziba vingenipeleka kaburini kama ningeendelea kuchemsha tangawizi. Nikatundikiwa dripu za dawa, kisha vidonge vya zaidi ya mwezi. Akanionya nisiviache hata nikijisikia mzima, kwa sababu dawa haiingii haraka kwenye tezi, na ukikatiza wadudu hujificha na kurudi. Ninywe maji, nisibane mkojo, nikalie beseni la maji ya uvuguvugu maumivu yakizidi.

Nilimwomba amweleze mke wangu. Nilitaka asikie mwenyewe. Daktari akaeleza yote vizuri, na kwa sababu alikuwa mkweli akaongeza kwamba mara nyingine kisonono nacho huweza kufika kwenye tezi, ila kwangu vipimo havikuonyesha.

Mke wangu alishukuru. Tukatoka nje penye kamba za kuanikia nguo za wagonjwa, mimi nimeshika mfuko wa mkojo mkononi, nikimtazama usoni.

"Kwa hiyo hukufanya," alisema.

"Sikufanya. Nilisema vile kwa ajili yako."

"Ulisimama mbele ya msalaba ukasema umefanya. Nikakuamini." Hakupaza sauti. "Ulimtaja hadi pengo lake, baba watoto. Mtu anatungaje pengo?"

Nikahamishia mfuko wa mkojo mkono wa pili.

"Na daktari amesema mara nyingine kisonono hufika huko," akamalizia.

Vidonge nilivimeza vyote. Mpira ulitolewa, homa haikurudi, na nilipokwenda kupimwa tena tezi ilikuwa imetulia. Kwaya nimerudi. Mke wangu hanikosei kwa lolote: chakula kipo mezani, maji ya moto ya kukalia aliniandalia hadi mwisho wa dozi. Nikishuka Same kuuza tangawizi ananiuliza bei tu.

Jioni tunakaa na watoto kusali kama zamani. Anaombea mvua, anaombea shule, anashukuru kwamba baba yao amepona. Kisha anashusha sauti, na mimi najua kinachokuja.

"Na yule dada wa Same, Bwana," anasema, "naye umponye."

Watoto wanasema amina. Na mimi nasema.