Nilisema Yule Dada wa Duka la Risasi Hakuniuliza Kitu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usihangaike kumtafuta mwingine. Nilimfukuzisha kazi binti wa watu kwa uongo, na uongo wenyewe niliuandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Jina langu silitaji. Wanaonijua wakinitambua, basi, nimechoka kujificha.

Mimi ni mkulima upande wa Kariandusi, karibu na Elmenteita, pale ardhi inapoanza kupanda. Nalima mahindi na maharagwe, na nina ng'ombe wachache. Nina pia bunduki yenye leseni, ile ya risasi za punje ambayo watu huita shotgun. Niliiomba kwa sababu ya nyani. Nyani humjui mpaka mlime shamba moja! Anakuja na ukoo mzima, anavunja hindi, analiuma mara moja, analitupa na kuvunja lingine. Ukimrushia jiwe anakutazama tu. Lakini akisikia bunduki ikilia hewani, wiki nzima humwoni.

Sasa ujue tabia yangu. Mimi ni mtu wa shaka tangu ujana. Mwenye boda akiniuliza naenda wapi, namtajia boma la mbele ya kwangu, halafu narudi kwa miguu. Mke wangu husema hata mchungaji akija kutujulia hali, mimi humjibu huku nimeshika kitasa cha mlango. Niliona hiyo ndiyo akili. Nilikuwa nikijisifu nayo!

Mwaka jana, mahindi yakiwa yanaanza kukomaa, risasi ziliniishia. Nikaenda Nakuru kununua.

Duka la risasi si kama duka la mbegu, ambako unashika pakiti, unaigeuza, unasoma nyuma. Pale mlango ni wa chuma. Mlinzi anaitazama leseni yako kwanza, halafu unasimama mbele ya kaunta yenye kioo. Maboksi yako ndani, kwenye rafu za juu, na maandishi yake huwezi kuyasoma ulipo. Hugusi kitu. Ukitaka chochote ni lazima useme kwa mdomo, na mimi mdomo ndio nilikuwa naufunga.

Kuna jambo lililonizidishia. Wiki chache kabla, mkulima mmoja huko chini barabarani alivamiwa na watu waliojua bunduki iko kwenye kabati gani. Kanisani tulilijadili baada ya ibada, na bila ushahidi hata wa kuazima tukakubaliana kwamba habari hizo hutoka madukani. Nilifika kwenye kaunta ile tayari nimeshamhukumu atakayenihudumia.

Alikuwa dada wa miaka kama ishirini na sita. Nitamwita Nekesa, ingawa si jina lake. Alinisalimia vizuri, akaandika namba ya leseni kwenye kitabu chake, kisha akauliza.

"Mzee, shamba iko wapi?"

Nikajiuliza moyoni: Shamba langu lakuhusu nini? Leseni yangu ina sanduku la posta la mjini, haisemi ninakaa wapi, na niliona ndicho anachokitafuta. Nikamjibu kwamba niko juu kabisa, ng'ambo ya Molo, ukingoni mwa msitu.

Akauliza kama nina majirani karibu. Moyoni nikasema, haya, sasa anataka kujua nikipiga nduru nani atasikia! Nikamwambia sina jirani wa karibu. Akauliza kama kuna mifugo inayochungwa hapo kando. Nikasema hakuna hata mbuzi. Akauliza nasumbuliwa na mnyama gani. Sikutaka kutaja nyani, nikiogopa atajua natoka upande wa Elmenteita, kana kwamba nyani wana anwani. Nikasema fisi.

Nekesa akainua simu, akazungumza kwa sauti ya chini huku akinitazama.  Nilikuwa na hakika anawaambia wenzake kwamba mzee amefika, yuko peke yake, hana jirani. Kumbe alikuwa anaagiza boksi kutoka stoo! Kijana alilileta, akaliweka kwenye kaunta, akarudi zake.

"Kama ni fisi na uko peke yako huko, chukua hii," akaniambia. "Punje zake ni kubwa na zinaenda mbali. Usipige mahali kuna watu ama ng'ombe, hata kama ni hewani."

Aliniambia! Naapa aliniambia, tena polepole, kama unavyomweleza mzazi wako. Mimi niliitikia kwa kichwa huku nikitazama mlango, nikipanga nitatokea njia gani. Risasi nilizokuwa nikizitumia miaka yote zilikuwa na punje kama mtama, zinapiga kelele na kuanguka karibu. Hizi zilikuwa kama mbaazi. Wala sikulifungua boksi nione.

Nilitoka nikazunguka soko mara mbili kuona kama kuna anayenifuata. Nikanunua fungu la sukuma wiki ambalo hakuna aliyenituma, nikalifunika boksi nalo. Nilifika nyumbani jioni nikiwa nimejaa furaha ya mtu aliyewapiga chenga wezi. Mke wangu aliuliza mbona sukuma wakati tuna ya kwetu shambani, nikamwambia ilikuwa rahisi.

Siku ya nne, saa moja asubuhi, nyani wakashuka. Niliwaona wakiingia upande wa chini, kwenye ua unaonitenganisha na Baba Kiprono, jirani yangu wa miaka mingi. Nikatia risasi, nikaelekeza bunduki juu ya mahindi kama kawaida, nikafyatua mara moja. Nyani walitawanyika. Halafu nikasikia ng'ombe akilia ng'ambo ya ua.

Baba Kiprono alikuwa amemfunga ng'ombe wake mwekundu kwenye majani ya napia ya kulishia mifugo, mahali anapomfunga kila asubuhi. Alikuwa ng'ombe wa maziwa na alibakiza mwezi mmoja azae. Punje zilimpata shingoni na ubavuni. Kufikia adhuhuri daktari wa mifugo alisema achinjwe tu, asiendelee kuteseka. Mama Kiprono alikaa chini kwenye majani.

Hapa kwetu tumepitia miaka mibaya ya makabila kupigana, na sihitaji kuieleza. Risasi ikivuka ua, watu hawaulizi kwanza imempata nani. Wanauliza imetoka upande gani. Kabla ya saa nane, vijana wa upande wao walikuwa wamesimama barabarani, na wa upande wetu nao wakaanza kujikusanya. Baba Kiprono mwenyewe ndiye aliyewatuliza, akamwita chifu, na chifu akaja na polisi.

Afisa alilichukua lile boksi, akalisoma, akanitazama. Akaniambia hiyo ni risasi ya porini, si ya mahali watu wamejenga karibu karibu hivi, akauliza duka lilinipaje. Nikaiona leseni yangu ikienda, na mimi mwenyewe nikisimama mbele ya hakimu.

"Hakuniuliza kitu," nikasema. "Alinipatia tu, nikaenda."

Akaniambia niandike hivyo hivyo. Nikaandika! Nikatia na sahihi.

Uongo wangu ulifaa kuliko ukweli wowote niliowahi kusema. Mimi niliachiliwa kwa onyo. Wazee walitukalisha, nikatoa mtamba wangu mzuri kuliko wote kuwa fidia ya ng'ombe, na Baba Kiprono akampokea kwa moyo safi. Alisema ajali haina kinga. Ila angependa kumwona, alisema, huyo mtu anayemuuzia mkulima kitu kama kile bila kumuuliza hata swali moja. Nami nikatikisa kichwa, nikamwambia ni hawa watoto wa siku hizi. Hayo nayo niliyasema.

Miezi mitano ikapita. Nilijiambia duka lilimkaripia tu yule binti, yakaisha. Risasi nyepesi nilihitaji bado, hivyo nikarudi Nakuru.

Kwenye kaunta nilimkuta kijana mgeni. Alipoiona namba ya leseni yangu aliingia ndani, na mwenye duka akatoka mwenyewe. Nilidhani ananifukuza. Kumbe alikuja kuniomba msamaha! Alinikaribisha ofisini, akaniagizia chai na mandazi, akasema duka lake liliniangusha na kwamba amekuwa akitamani kuniona aniambie pole.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu yule dada.

"Tulimwachisha wiki ile ile polisi walipotuletea maelezo yako," akasema. "Alilia sana, akasema alikuuliza kila kitu. Nikamwambia mzee wa umri ule atadanganya kwa nini?"

Nami nikanywa ile chai. Nikala na mandazi mawili, nikashukuru, nikatoka. Huyo ndiye mimi, usinionee huruma.

Nyumbani chakula kilinishinda. Mke wangu alidhani ni presha, akataka kunipeleka hospitali. Nikamweleza yote, tangu lile swali la kwanza hadi mandazi. Nilitarajia anigombeze. Yeye akauliza tu kama binti ana watoto. Nikasema sijui, sikuwahi kumuuliza chochote. Akasema kesho nirudi Nakuru, na asubuhi nikakuta ameshanipigia pasi shati.

Nilirudi. Nilimweleza mwenye duka nikiwa nimesimama, maana sikuona kama nastahili kiti. Uso wake ulibadilika. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alikaa akiangalia meza, kisha akasema binti yule alimfanyia kazi miaka minne bila kosa, na kwamba yeye mwenyewe alimkatalia hata barua ya kumsaidia kutafuta kazi nyingine. Akachukua simu, akampigia, akaweka sauti nje ili nisikie.

Nekesa alipokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na panga likigonga ubao. Siku hizi yuko Kikopey, kando ya barabara kuu, anakata na kupima nyama kwenye bucha. Mwenye duka alimweleza, akamwomba radhi, akamwambia kiti chake kipo. Nekesa akamshukuru na kusema atafikiria. Ndipo akauliza kama huyo mzee bado yuko hapo.

Nikasema niko. Nikaanza kuomba msamaha. Nikamwambia nilidhani ananichunguza. Nikamwambia niliogopa wezi. Hata masikioni mwangu ilikuwa sababu ya mtoto.

"Mzee, wengi hawapendi kusema, nimezoea," akaniambia. Sauti yake haikuwa na hasira. "Ungenyamaza tu. Mtu akikataa kuniambia, huwa nampatia ile nyepesi."

 Aliaga, akasema ana wateja.

Ungenyamaza tu! Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Shaka yangu peke yake haikuwa na madhara, naye Nekesa alikuwa ameiachia nafasi pale kaunta. Ningeficha shamba langu, jina la kijiji changu, nyani zangu na jirani yangu, ningenuna nikitaka, na bado ningepewa risasi iliyonifaa. Ng'ombe wa Baba Kiprono angezaa. Nekesa angekuwa kazini kwake. Mimi sikuridhika kuficha, nilitaka pia kumpoteza njia, na akaufuata uongo wangu kwa uaminifu.

Siku hiyo hiyo nilipita kituo cha polisi, nikabadilisha maelezo yangu. Bunduki niliiacha huko pamoja na leseni, na kesi inakuja, sijui itaishaje. Baba Kiprono nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Tangu hapo tukikutana njiani ananisalimia kwa heshima zote, na hasimami tena kuongea. Nyani sasa nawafukuza kwa kugonga debe, na mwaka huu wamekula karibu robo ya mahindi.

Ndugu yangu unayesoma hapa, siri zako zilinde, hakuna anayekukataza. Dunia ina wezi kweli, nami sijageuka mtu wa kumwamini kila anayenichekea. Lakini mtu akisimama kati yako na kitu cha kuua, iwe ni risasi, dawa ya wadudu au sindano ya ng'ombe, mwambie ukweli au mwambie hutaki kusema. Usimpe uongo afanyie kazi. Na ukishampa, yakiharibika, usimwachie yeye mzigo.

Juzi nilipiga simu dukani. Kiti cha Nekesa wamekiweka wazi mpaka leo, nao wameshampigia mara tatu. Amewaambia kazi ile aliipenda, ila sasa akimwona mzee mbele ya kaunta hatajua tena amuulize nini.