Kikombe Kilitoka Wapi

Binti wa marehemu fundi yuko chuo, na amefungua daftari la kuandika maneno yetu ya mezani, kila neno na mahali lilitoka. Alinipigia simu nije Jumapili. "Anko, wewe ndiye umebaki," akasema. Mwalimu naye yuko hai, kwao Kilungu, lakini tangu apooze mdomo wake hautoi neno. Kwa hivyo ni kweli. Nimebaki mimi, mtu wa darasa la sita.

Mchezo wenyewe si draft wala karata. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, na nyinyi wengine kila mmoja ni mtu fulani ndani ya hadithi, askari, mwizi, mganga. Ukitaka kuruka shimo, unatupa dadu ya pande ishirini. Namba kubwa umeruka. Namba ndogo, pole yako. Kitabu na dadu viliachwa na mgeni aliyekuja kufundisha polytechnic, na mwalimu ndiye aliweza kukisoma. Tulicheza Jumapili baada ya kanisa, kwa karakana ya fundi hapa Sultan Hamud, sisi wanne: fundi, mke wake, mwalimu na mimi.

Maneno yalizaliwa hapo. Siku moja hadithi ilitufikisha kwa pango, na fundi akakataa kushuka kwa kamba.

"Mwalimu, hapo nje kuna mti?"

"Uko."

"Mkaratusi ama saipresi?"

"Fundi, ni mti tu."

"Mti tu hautengenezi ngazi."

Jioni ikatukuta bado anauliza misumari. Tangu hapo mtu akichelewesha mchezo anaambiwa anatengeneza ngazi. Siku hizi nasikia vijana ambao hawakumjua wakiambiana hivyo, na wanacheka.

Kikombe ni cha mke wake. Alikuwa anatumiminia chai, nikatupa dadu, ikarukia ndani ya kikombe chake ikalala na moja juu. Moja ni kifo. Mama akaitoa na kijiko. "Hiyo imeoga," akasema, "haihesabiki. Tupa tena." Mwalimu akaona ni sheria nzuri. Kila mtu akapewa kikombe kimoja kwa siku: ukitupa vibaya unasema "kikombe", unatupa tena, na ukishatumia chako umemaliza.

Hilo ndilo neno niliogopa binti ataniuliza.

Mwaka ule fundi alikufa, shule zikiwa zimefungwa, tulipata kazi ya kuchimba kisima kule Tulia, fundi, mwalimu na mimi. Mwenyekiti wa kamati ya maji ndiye alituandika. Mbao za kushikilia kuta zililetwa, niliziona kwa macho yangu, na baada ya siku mbili zikaenda kujenga jiko la nyumba yake. Akatuambia udongo wa Tulia ni mgumu, haumezi mtu. Hilo nimelisema kwa chifu, nimelisema sokoni, na nitalisema mpaka nife. Halafu mhubiri akasimama mazishini akasema ni dadu za shetani zilimuua fundi. Mwenyekiti alikuwa amekaa mstari wa mbele, akaitikia amina. Hao wawili nimewataja kila mahali. Wa tatu sijawahi kumtaja.

Ilikuwa imenyesha, na asubuhi hiyo hakuna aliyetaka kushuka. Tulikuwa na mazoea yetu kule: jioni tunacheza, na mchana tukikosa kuelewana, dadu inaamua. Tuligeuza karai, tukatupa juu ya kitako chake. Wa chini ndiye anashuka. Mwalimu alipata kumi na nne, fundi tisa, mimi tatu.

Nikasema, "Kikombe."

"Hapa si mezani," mwalimu akasema.

Fundi ndiye aliniokotea dadu. "Mpe, mwalimu. Ni haki yake, hajatumia cha leo."

Nikapata kumi na saba.

"Na wewe tumia chako," mwalimu akamwambia.

Fundi alikuwa tayari anavua shati. "Changu nakiweka cha jioni," akasema. "Mimi rafiki yenu nitaishi miaka mia."

Kabla ya saa sita ukuta ukashuka. Kamba ilikuwa mikononi mwangu. Nilivuta, na ilikuwa kama kuvuta mlima. Watu wa Tulia walikuja na majembe, tukamfikia kesho yake.

Tulimwambia mke wake kwamba dadu ilimwangukia. Hatukuongeza. Akasema, "Basi ni Mungu aliyechagua." Neno hilo ndilo limemsimamisha miaka yote hii, na mimi ndiye nilimpa likiwa limekatwa nusu.

Jumapili niliyoitwa nilikuta binti na wenzake watatu kwa meza ile ile, muthokoi umeshaliwa, daftari liko wazi. Nikamweleza ngazi. Akaniuliza kikombe, nikamweleza chai. Vijana wakacheka. Mmoja wao alikuwa amesikia ni kikombe cha ligi.

Mama alikuwa anamenya machungwa. Hakuinua uso.

"Shem, kule Tulia mlitumia kikombe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka mingi, na jibu lenyewe nilikuwa nalo mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Mwalimu alikataa. Alisema kule si mezani."

"Nilijua," akasema. "Kingekuwepo, yeye angetumia chake. Hakuwa mtu wa kutuacha hivyo."

Akanipa chungwa. Nililishika tu. Ningemwambia nini sasa? Kwamba mume wake alikuwa na kikombe chake mkononi, akakiweka cha jioni? Ukweli wangu ulikuwa umeoza mpaka hata kuutoa ni kumuumiza mtu mwingine.

Binti akaandika: Kikombe, kilitoka kwa chai ya mama. Akapiga mstari chini.

Halafu wakaanza kucheza. Zamu yake ilipofika akapata mbili. Dadu ikabingirika mpaka kwangu, ikagota kwa mkono wangu.

"Kikombe, anko," akasema, na kunyoosha mkono.

Nikamrudishia.